Kubadilisha Nyonga: Baina ya Haraka na Ngoja Ngoja



Ndugu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa minong'ono: nyonga inayouma, na operesheni ya kuitoa nyonga iliyochakaa na kutia ya bandia mahali pake. Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa chuo cha Kurani, na elimu yangu ni ya vitabu vya dini. Lakini jambo hili niliwahi kulitolea ushauri kabla ya kulijua, na aliyelipa gharama ya ushauri wangu ni dada yangu mkubwa. Amenipa idhini ya kuyaandika haya kwa sharti moja: nisimtaje jina yeye, wala nisijifiche mimi.

Dada yangu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Kwa miaka mingi aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akakanda unga wa mahamri, akachemsha mbaazi, na jua lilipochomoza wateja walikuwa wameshajaa barazani. Alasiri alisomesha watoto Juzuu Amma. Alipofika umri wa miaka 61 akaanza kuumwa na kinena upande wa kulia, kisha goti la mguu huo huo. Tulimkanda kwa mafuta ya simsim, akaumikwa, akanywa habasoda kwa asali. Maumivu yalipozidi alikwenda hospitali, akapigwa picha ya eksirei, na daktari wa mifupa akamwambia kuwa goti lake halina kasoro kubwa. Nyonga ndiyo iliyokwisha, na maumivu ya nyonga mara nyingi hujitokeza kinenani na hata gotini.

Jioni ile alikuja kwangu. "Maalim," akasema, "wanataka kunikata mfupa wanitie chuma. Wewe wasemaje?"

Nilimwambia asubiri. Nilimkumbusha kwamba maradhi ni kafara ya madhambi na kwamba subira ina malipo makubwa mbele ya Mola. Kila nililosema lina asili katika dini yetu. Nilipokosea ni kumpa mawaidha mtu aliyekuja kuuliza habari za tiba, ilhali mimi sikuwa nimemuuliza daktari wake hata swali moja.

Alisubiri miaka 4. Mwaka wa kwanza aliacha kwenda harusini, kwa kuwa hakuweza kukaa juu ya mkeka. Mwaka wa pili aliacha kusujudu chini, akaswali juu ya kiti. Mwaka wa tatu mahamri yakakoma. Usiku alilala akiwa ameketi, na vidonge vya maumivu alivyomeza kila siku vikamchubua tumbo na kumpandisha presha. Siku niliyomkuta akilia kwa kuwa hakuweza kuinama kuvaa viatu vyake, nilijua kwamba yale niliyoyaita subira yalikuwa ni ngoja ngoja, nasi wahenga wetu walituonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nyonga na yanayoiharibu

Kiungo cha nyonga kimeumbwa kwa hikima ya ajabu. Kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo kama mpira, hukaa ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa fupanyonga. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, utando mlaini unaoteleza, ili mfupa usisuguane na mfupa. Kwa kiungo hicho tunasimama, tunarukuu, tunakaa tahiyatu na kupanda ngazi.

Gegedu huliwa na umri, uzito mkubwa, majeraha ya zamani, na maradhi ya baridi yabisi. Wengine huzaliwa na kikombe kisichokaa sawa, wakaishi nacho ujanani na kukilipia utu uzimani. Kuna pia sababu inayotuhusu sana watu wa Pwani, nayo ni maradhi ya selimundu. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa na kubonyea. Ndiyo maana unaweza kumwona kijana wa miaka 25 akichechemea kama mzee. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi na unywaji wa pombe kwa wingi huweza kuleta madhara kama hayo.

Katika operesheni, daktari hukiondoa kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika, akalisafisha na kulichonga lile tundu la fupanyonga, akatia kikombe kipya. Kisha hushindilia kigingi cha chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, na juu ya kigingi hukaa tufe la chuma au la kauri. Vifaa vingine hushikishwa kwa saruji maalumu ya mifupa, na vingine huachwa mfupa wenyewe uote na kuvishika. Kazi yote kwa kawaida huchukua saa 1 hadi 2, na wagonjwa wengi hupigwa ganzi ya mgongoni wakawa macho au katika usingizi mwepesi.

Utaalamu huu katika sura yake ya sasa ulitengenezwa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia vikombe vya Teflon, ile ile inayopakwa kwenye vikaango. Wagonjwa walifurahi, maumivu yakaondoka. Baada ya miaka michache vikombe vile vikalika, na chembe zake zikaudhuru mwili. Charnley hakulificha kosa lake. Aliwarudia wagonjwa wake kuwafanyia upya, na mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine ngumu zaidi iliyodumu. Aidha alishughulika mno na usafi wa hewa katika chumba cha operesheni, kwa kuwa alijua adui mkubwa wa nyonga ya bandia ni kijidudu kisichoonekana. Leo operesheni hii hufanywa zaidi ya mara milioni 1 kila mwaka duniani.

Hatari zilizopo

Nilipokwenda na dada yangu kwa daktari mara ya pili, nilikwenda na kalamu na daftari. Niliuliza habari ya kila hatari, nikaandika. Nawapa muhtasari wake, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye. Hesabu nitakazotaja hutokana zaidi na nchi zinazoweka daftari la taifa la operesheni hizi, kama Uswidi iliyoanza mwaka 1979. Katika kila hospitali mtu aulize hali ya hapo.

*Maambukizi.* Kwa kadiri, mtu 1 hivi kati ya 100 hupata maambukizi ndani ya kiungo kipya. Idadi ni ndogo, lakini balaa lake ni kubwa. Vijidudu hujishikiza juu ya chuma na kujifunika utando ambao dawa haziupenyi vizuri. Mara nyingi hulazimu kufungua tena na kuosha, au kukitoa kifaa chote, kumtibu mgonjwa kwa wiki nyingi, kisha kutia kingine.

*Damu kuganda.* Baada ya operesheni damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu. Bonge likikatika na kupanda hadi mapafuni linaweza kuua. Kinga yake ni kuinuka na kutembea mapema, na dawa za kuzuia damu kuganda ambazo mara nyingi hutumiwa kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Mguu ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, au pumzi ikabana na kifua kikachoma, usingoje asubuhi. Mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile.

*Kuteguka.* Tufe huweza kuchomoka katika kikombe. Hutokea kwa watu 1 hadi 3 kati ya 100, na zaidi katika miezi 3 ya mwanzo kabla misuli haijashikamana. Mara nyingi sababu ni kuinama kupita kiasi, kukunja nne, au kuupinda mguu kwa ndani.

*Mshipa wa fahamu na urefu wa miguu.* Mara chache mshipa mkubwa wa fahamu unaopita nyuma ya nyonga huumia, unyayo ukalegea. Wengi hupata nafuu kwa miezi, wengine hubaki hivyo. Mguu nao huweza kuzidi au kupungua urefu kidogo. Tofauti ndogo huzoeleka, iliyo kubwa hutiwa soli ya ziada katika kiatu.

*Kulegea na kuchakaa.* Nyonga ya bandia haiponi yenyewe kama mfupa hai. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, kwa kutegemea daftari za Australia na Ufini, ulikadiria kwamba takriban nyonga 89 kati ya 100 hudumu miaka 15, na takriban 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Operesheni ya kurudia ni ngumu zaidi kuliko ya kwanza, na hatari zake ni kubwa zaidi.

*Mauti.* Nililiuliza swali hili kwa sauti ya chini, daktari akalijibu kwa sauti ya kawaida. Katika operesheni iliyopangwa, mgonjwa akiwa ametayarishwa vyema, wanaofariki ndani ya miezi 3 ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Hatari huzidi kwa umri mkubwa, maradhi ya moyo, mapafu na figo. Mgonjwa wa selimundu naye ana hatari zaidi ya mwengine. Asikose maji ya kutosha, asipigwe na baridi, na mpango wa damu yake uwe umeandaliwa na madaktari wanaoyajua maradhi hayo.

Wakati gani ufae?

Hili ndilo swali lililonishinda siku ile barazani kwangu. Nimejifunza kwamba lina majibu matatu, kwa kadiri ya hali ya mgonjwa.

Hali ya kwanza ni ya nyonga iliyochakaa polepole, kama ya dada yangu. Hapa hakuna tarehe iliyoandikwa. Picha ya eksirei peke yake haitoshi kuamua, kwa sababu wapo wenye picha mbaya na maumivu machache. Kwanza hujaribiwa kupunguza uzito, mazoezi ya kuimarisha misuli, fimbo ya kushika upande wa mguu mzima, na dawa za maumivu kwa kiasi. Yote hayo yakifanywa kwa miezi kadhaa na bado maumivu yanamwamsha mtu usiku, hawezi kuvaa viatu, kuoga, kupanda matatu wala kufika sokoni, basi wakati umewadia wa kuzungumza na daktari kwa uzito. Umri nao ni hoja. Mwenye miaka 70 na zaidi ana nafasi kubwa ya kumaliza maisha yake na nyonga ile ile. Wanaohitaji kurudiwa ni takriban 5 tu kati ya 100. Kijana wa miaka 50 au chini yake ajue kuwa huenda akarudi tena mezani siku za usoni. Jambo hilo halimzuii ikiwa maisha yamemwia magumu, bali humtaka apime vyema.

Kuchelewa kuna bei yake. Misuli hukonda, kiungo hukakamaa, mgongo na goti la upande wa pili hubeba mzigo usio wao. Anayefika mezani akiwa ameshadhoofika mno hupata nafuu, lakini mara nyingi haifikii nafuu ya aliyekuja angali na nguvu. Daktari alimwambia dada yangu maneno hayo bila kunitazama mimi, nami nilihisi kama amenitazama.

Hali ya pili ni ya aliyekwisha kuamua, na sasa anataka iwe kesho. Hapa ndipo haraka haraka inapokosa baraka. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na kisukari. Watoto wake walio Ghuba walituma fedha na kutaka baba yao akatwe kabla ya likizo yao kwisha. Sukari yake ilikuwa juu, na jino moja lilikuwa limeoza na kutoa usaha. Hakuna aliyeuliza, naye hakusema. Operesheni ilikwenda salama, lakini baada ya wiki chache jeraha likaanza kutoa maji. Kifaa kikatolewa, akakaa miezi bila nyonga, na fedha zilizotumika mara ya pili zilizidi zile za mwanzo. Alhamdulillah leo anatembea, ingawa kwa magongo mawili.

Basi kabla ya siku ya operesheni sukari ishushwe, presha itulizwe, upungufu wa damu utibiwe. Meno mabovu yashughulikiwe, vidonda vya miguu vipone, na maambukizi ya mkojo yasiachwe. Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla, maana sigara huchelewesha jeraha kupona. Aliyechomwa sindano ya steroidi ndani ya nyonga amjulishe daktari wake, kwani hushauriwa ipite miezi 3 kabla ya kukatwa, kwa kuogopa maambukizi. Na dawa zote anazotumia mgonjwa, za hospitali na za miti shamba, zitajwe. Baadhi yake huifanya damu isigande upesi.

Hali ya tatu haina muda wa kungoja kabisa: nyonga iliyovunjika. Bibi ameteleza msalani akienda kutawadha. Hawezi kuinuka, mguu umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Mifupa ya wanawake hupungua nguvu baada ya hedhi kukatika, na kuanguka kudogo kunatosha kuuvunja. Mara ngapi tumeona bibi kama huyu akilazwa kitandani, akaitwa mkandaji, akafungwa vijiti na kupakwa mafuta kwa wiki tatu? Shingo ya mfupa wa paja haiungwi kwa kukandwa. Kulala huku kunaleta vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu kuganda. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kati ya wazee 100 wanaovunjika nyonga, 20 hadi 30 hufariki ndani ya mwaka mmoja. Miongozo ya kitabibu huhimiza mgonjwa huyu apasuliwe siku ile ile au siku ya pili ya kufika hospitali, hali yake ikiruhusu. Anayempeleka bibi hospitali usiku huo huo ndiye anayemfanyia wema.

Ibada na operesheni

Akina mama wengi wameniuliza mambo ambayo huona haya kumuuliza daktari. Nayajibu kwa kifupi.

Kwanza, swala. Katika wiki za mwanzo madaktari wengi humkataza mgonjwa kukunja nyonga zaidi ya pembe mraba, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga. Sijida ya chini na kikao cha mkekani vinapita mpaka huo. Dini yetu imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala, naye hapungukiwi na malipo yake. Ataswali juu ya kiti kirefu, arukuu na kusujudu kwa ishara, na sijida aiinamie kidogo zaidi ya rukuu, bila ya kuvuka kiasi alichoruhusiwa. Baada ya miezi kadhaa wapo wanaoruhusiwa kusujudu chini tena. Mwonyeshe daktari umbo la sijida kwa vitendo, hasa akiwa si Mwislamu, naye atakujibu kwa ujuzi.

Pili, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sindano za heparini na enoksaparini, ambazo hutumika sana, hutengenezwa kutokana na matumbo ya nguruwe. Mgonjwa ana haki ya kulijua hilo na kuuliza badala yake. Zipo dawa nyingine zisizo na asili hiyo, kama vidonge vya rivaroksabani na apiksabani, au aspirini kwa baadhi ya wagonjwa. Daktari akiona kwamba iliyo bora kwako ni ile sindano na hakuna badala inayokufaa, dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri ya haja, na wapo wanazuoni wa zama hizi wanaoiona kuwa imeshageuka dhati yake. Lisilofaa ni kuikataa kimyakimya na kubaki bila kinga.

Tatu, tohara. Choo cha kuchuchumaa hakifai katika miezi ya mwanzo. Tafuteni kiti cha choo kilichoinuliwa, na chombo cha maji kiwe karibu ili mgonjwa asijipinde. Bendeji ya nyonga haigusi viungo vya udhu. Akihitaji josho, aoshe palipo pazima, apanguse juu ya bendeji na atayamamu, kama ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii.

Nne, saumu na Hija. Mgonjwa aliyepasuliwa ameruhusiwa kula, atalipa siku zake akipona. Kama operesheni si ya dharura, ipangwe mbali na Ramadhani ili asishawishike kuacha dawa za mchana. Anayenuia Hija aache miezi kadhaa baina ya operesheni na safari. Safari ndefu ya ndege huzidisha hatari ya damu kuganda, na tawafu na saayi zinataka misuli iliyopona.

Tano, stara. Mwanamke anaweza kuomba muuguzi wa kike amwandae na afunikwe pasipohitaji kufunuliwa. Akiombwa kwa adabu kabla ya siku yenyewe, hospitali nyingi hutimiza. Lakini kumkosa daktari wa kike wa mifupa si sababu ya kuacha tiba.

Mazungumzo ya nyumbani

Ndugu zangu wanaume, hapa nasema nanyi. Mwenye mwili ndiye mwenye kutia saini. Nimeona wana wakiamua katika kikao cha ukoo ilhali mama yao amekaa chumba cha pili. Mama ana akili yake, aelezwe hatari na manufaa kwa lugha anayoifahamu, kisha aamue. Kazi yetu ni kumsaidia kuuliza.

Haya ndiyo maswali niliyoyaandika katika daftari langu, nanyi yanakilini:

1. Nimeshajaribu yote yasiyo kisu? Nikingoja miezi 6 zaidi, nitapoteza nini?
2. Wewe daktari hufanya operesheni hizi ngapi kwa mwaka, na wangapi wamepata maambukizi?
3. Ni kifaa gani kitatiwa, na kadi yenye jina na nambari yake nitapewa?
4. Dawa gani ya kuzuia damu kuganda, na kwa siku ngapi?
5. Nani atanifundisha kutembea na kufanya mazoezi, na kwa muda gani?
6. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kifaa, damu, mazoezi na kurudi kliniki?

Swali la mwisho ni zito. Kifaa chenyewe ni ghali, na katika hospitali za binafsi gharama hufika mamia ya maelfu ya shilingi. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Mgonjwa aulize mapema, kwa maandishi, kipi kitalipwa na kipi atajilipia. Michango ya jamaa ni jambo jema, ila ianze kabla ya tarehe kupangwa, mgonjwa asije akalala hospitali akihesabu deni.

Na nyumba nayo iandaliwe. Mazulia madogo yanayoteleza yaondolewe, sakafu ya msalani isiachwe na maji, kitanda kiinuliwe kidogo, na kuwe na kiti kirefu chenye mikono. Taa ya njia ya chooni isizimwe usiku. Mgonjwa kwa kawaida huinuliwa siku ile ile au ya pili yake akiwa na fremu ya kutembelea, kisha hutumia magongo kwa wiki 6 hivi. Msimbebe kama yai wala msimwache peke yake. Kutembea ni sehemu ya dawa.

Dada yangu alipasuliwa akiwa na miaka 65. Usiku wa kwanza alilalamika jeraha, na asubuhi akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: yale maumivu ya zamani, yaliyokuwa yakilala naye miaka yote, hayakuwapo. Alihisi maumivu ya kisu tu, nayo yalipungua kila siku. Leo amerejea kusomesha, na wiki mbili zilizopita alihudhuria harusi ya mjukuu wake akiwa amekaa kitini mbele. Mahamri hayajarudi. Goti lake la kushoto liliumia katika ile miaka 4, na daktari amesema fimbo haitamwacha.

Nilimwomba radhi. Alinicheka, akasema, "Maalim, uliniambia nisubiri. Hukuniambia mpaka lini."

Ndugu zangu masheikh na walimu, tunaulizwa mengi, na watu hututii kuliko tunavyodhani. Mwenye maradhi akitujia, tumhimize kwanza kwa mjuzi wa maradhi yake, twende naye ikibidi, kisha ndipo tumsomee dua. Mtume wetu (S.A.W.) alijitibu na akawahimiza umma wake kujitibu, na kumfunga ngamia hakupunguzi tawakkul ya mtu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, aiongoze mikono ya matabibu, na atusamehe kwa yale tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.